Soma safari, usisome mapigano: namna ya kuchagua riwaya ya vita

Ndugu washauri wa safu ya vitabu,

Salaam kutoka Tabata. Naomba mnisaidie, maana hela zinaisha na kiu haijakatika. Napenda riwaya za vita, lakini zile zinazonifanya niamini kwamba mambo yangeweza kwenda hivyo kweli, na ambazo nikishaanza siwezi kuziweka chini. Katika miezi minne nimenunua vitabu vitatu kwa wauza vitabu vya mitumba wa katikati ya mji, na vyote vimenishinda.

Cha kwanza kilikuwa na picha ya helikopta na moto jaladani. Shujaa wake anafyatua bunduki kurasa mbili mfululizo bila kubadili magazini, anapigwa risasi ya bega, na usiku huohuo anapanda ukuta kwa kamba. Cha pili ni All Quiet on the Western Front, ambacho kila mtu anakisifu. Changu kilikuwa chembamba, kurasa hazifiki mia moja. Nilikimaliza kwa siku mbili nikabaki najiuliza sifa zote zile zilitoka wapi. Cha tatu ni kinene, kimejaa majenerali, majina ya mito na namba za divisheni. Nilipofika ukurasa wa 60 sikujua tena nani yuko upande gani.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Nasoma vizuri, ila polepole. Muda wangu wa kusoma ni ndani ya daladala, kama dakika arobaini asubuhi na arobaini jioni nikipata siti. Uwezo wangu ni kitabu kimoja kwa mwezi. Naomba kujua: nitatambuaje riwaya nzuri ya vita kabla sijatoa hela? Nianze na zipi? Je, zipo zinazohusu vita vya huku kwetu, na zipo za Kiswahili? Sitaki kitabu cha kumwaga damu tu, nataka kuelewa vita huwaje.

Msomaji wenu,
Tabata

*

Ndugu yetu wa Tabata,

Tuanze na kile kitabu chembamba, maana hicho ndicho kilichokunyima haki kuliko vingine. Ulichosoma si riwaya ya Erich Maria Remarque ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa unene unaoutaja, ni toleo lililorahisishwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza: mtu amechukua hadithi, nyama ameitoa, amekuachia mifupa. Riwaya kamili inazidi kurasa 200 karibu katika kila chapa. Inafunguka hivi: askari wamepumzika nyuma ya mstari wa mbele, wamepewa mgawo maradufu wa chakula na tumbaku, wameshiba na wana furaha. Kisha unaelewa shibe hiyo imetoka wapi. Mpishi alipika kwa watu 150, na waliorudi ni 80. Hakuna anayelia katika kurasa hizo, hakuna mzinga unaonguruma, ila chakula kimezidi. Toleo lililorahisishwa likishasema tu kwamba askari wengi walikufa, limekupa habari na kukunyima vita vyenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wenye jina la mchapishaji na mwaka. Ukikuta maneno "abridged", "retold by", "adapted" au "simplified", au jaladani pana neno "Level" au "Stage" likifuatwa na namba, kirudishe. Kama ni kitabu kilichotafsiriwa, tafuta pia jina la mfasiri. Toleo lisilomtaja mfasiri lina walakini. Riwaya hiyo ya Remarque ina tafsiri mbili za Kiingereza zinazojulikana zaidi: ya A. W. Wheen ya 1929, na ya Brian Murdoch ya miaka ya 1990. Chukua ya Murdoch. Ya Wheen ni nzuri, lakini misemo yake ni ya enzi zile na itakukwamisha kwenye daladala.

Sasa swali lako kubwa, la kutambua. Wanunuzi wengi wakishika kitabu cha vita hufunua kutafuta mapigano, na hapo ndipo wanapokosea. Mapigano ni rahisi kuigiza: moshi, kelele, damu, mtu anaanguka. Mwandishi asiyejua kitu anaweza kukuandikia kurasa tano za mapigano ukamwamini. Asichokiweza ni safari. Tafuta mahali ambapo askari wanatoka sehemu moja kwenda nyingine, au wanasubiri, usome hapo kurasa tatu. Wamebeba nini, na kina uzito gani? Maji wanayatoa wapi? Nani miguu imemchubuka? Mara ya mwisho wamelala lini? Amri imewafikiaje, na imechelewa kiasi gani? Anayejua vita atakuwa amekujibu mengi ya hayo bila kukuhubiria, kwa sababu kwa askari hayo ndiyo maisha ya kutwa, na risasi ni dakika chache katikati yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni The Things They Carried cha Tim O'Brien, kilichotoka 1990. O'Brien alipelekwa Vietnam kama askari wa miguu wa jeshi la Marekani. Hadithi ya kwanza katika kitabu hicho, kwa sehemu kubwa, ni hesabu ya mizigo. Kofia ya chuma ratili 5, yaani zaidi kidogo ya kilo 2. Redio pamoja na betri yake ratili 26, karibu kilo 12, na mbebaji wake anayo mgongoni juu ya vingine vyote. Halafu katikati ya orodha hiyohiyo anaingiza barua za msichana, picha, woga, na unakuta navyo vina uzito. Kifo kinachotokea hapo ni cha mtu aliyekwenda kujisaidia akawa anarudi, amebeba kila kitu alichostahili kubeba. Ukiona mwandishi anaua namna hiyo, ghafla, katikati ya jambo dogo, ujue anajua anachokisema.

Tukupe kipimo kingine cha safari kutoka hapahapa mjini. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Kwa nini jeshi lenye meli na reli lilihitaji wapagazi wengi kiasi cha kuacha jina mjini? Fanya hesabu. Mpagazi mmoja anabeba kama kilo 25 za unga na kula kilo 1 kwa siku. Kituo cha askari kikiwa mwendo wa siku 10, atakula kilo 10 kwenda na 10 kurudi, atakabidhi kilo 5 tu. Askari 100 wanaokula kilo 100 kwa siku wanahitaji wapagazi 20 wafike kila siku, na kwa kuwa kila mmoja anakaa njiani siku 20, unahitaji wapagazi 400 kulisha askari 100. Hapo hujahesabu risasi, mizinga wala dawa, wala mpagazi aliyeugua njiani. Farasi na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa mbung'o. Malaria na kuhara viliua watu wengi kuliko risasi. Sanamu ya Askari pale Barabara ya Samora, iliyozinduliwa 1927, imeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi.

Sasa shika riwaya yoyote ya vita vya porini. Kama kikosi kinatembea wiki tatu na hakuna anayebeba chakula, wala kukipora kijijini, wala kulala njaa, mwandishi ameandikia mezani. Na ukiona kikosi kimeingia kijijini kuchukua mahindi, angalia kama mwandishi anabaki na wanakijiji baada ya kikosi kuondoka. Sehemu kubwa ya vita vya huku ilitokea hapo, ghalani, na riwaya nyingi hupita bila hata kugeuza shingo.

Huenda ukadhani kwamba kitabu cha hesabu za unga hakiwezi kukukosesha usingizi. Ni kinyume chake. Mvuto unatoka kwenye upungufu. Ukishajua kwamba kikosi kimebaki na risasi chache, betri ya redio inakufa na mto umefurika nyuma yao, hata kuvunjika kwa tawi kunakutoa jasho. Shujaa wa kitabu chako cha helikopta alikuchosha kwa sababu hakupungukiwa na kitu. Bunduki haikwisha risasi, mwili haukuisha nguvu, kwa hiyo hukuwa na la kuhofia.

Vipimo vya silaha vipo pia, navyo ni vya haraka. Magazini ya kawaida ya AK-47 inachukua risasi 30, na bunduki hiyo ikiachwa ifyatue mfululizo hutoa kama risasi 600 kwa dakika, yaani 10 kila sekunde. Sekunde tatu, magazini tupu. Risasi za bunduki za vita huruka kwa kasi kuliko sauti, kwa hiyo anayelengwa kutoka mbali husikia kwanza mpasuko mkali wa risasi ikipita, mlio wa bunduki ukifuata nyuma. Anayesikia mlio kisha akainama akakwepa, huyo ni wa sinema. Bomu la mkono hulipuka kama sekunde 4 au 5 baada ya kuachiwa, na huua kwa vipande vya chuma, haliwashi mpira wa moto. Bega nalo lina mshipa mkubwa wa damu, mishipa ya fahamu ya mkono mzima na kiungo kinachovunjika vibaya. Mtu aliyepigwa risasi hapo anatafutiwa machela, hatafutiwi kamba ya kupanda ukuta. Lakini usivitegemee vipimo hivi peke yake. Namba za bunduki mtu yeyote anaweza kuzinakili, na wapo waandishi wanaojua kila skrubu ya kifaru huku wahusika wao ni vinyago.

Kitabu chako cha tatu huenda si kibaya, ila kimeandikwa kutoka ghorofa ya juu mno. Jeshi ni ngazi. Seksheni ina watu kama 10, platuni kama 30, kombania kati ya 100 na 200, batalioni mia kadhaa hadi 1,000, na divisheni ni maelfu, mara nyingi zaidi ya 10,000. Riwaya inayosimuliwa na jenerali inakupa ramani na mishale, ile ya platuni inakupa watu. Anza na za platuni na kombania. Baadaye, ukirudi kwenye kile kinene, kata karatasi ngumu iwe alama ya kurasa, uandike humo majina yasiyozidi manane, kila moja na cheo, upande na neno moja la kumkumbukia. Piga picha ramani ya mwanzoni mwa kitabu kwa simu ili usiwe unarudi kurasa nyuma ukiwa umesimama. Kama kitabu cha vita kikubwa hakina ramani kabisa na kinataja mito mitano, kiache dukani.

Kwa mpangilio wa miezi, tungekushauri hivi. Mwezi wa kwanza rudia Remarque, safari hii kamili. Ina sura 12 na sentensi fupi, na Kiingereza cha kidato cha nne kinaitosha. Fuatilia njia ya buti za Kemmerich, jinsi zinavyohama kutoka mguu hadi mguu. Mwezi wa pili The Things They Carried. Ni hadithi zinazoshikana, nyingi zinaisha ndani ya safari moja ya daladala. Uwe macho kwa jambo moja: msimulizi anaitwa Tim O'Brien kama mwandishi, lakini kitabu ni riwaya, na mwenyewe anakuambia humo kwamba mengi ameyabuni. Anachouliza ni hadithi ya vita inawezaje kuwa ya kweli hata kama haikutokea, na swali hilo litakusaidia katika vitabu vyote vinavyofuata.

Mwezi wa tatu chukua Mayombe cha Pepetela. Hiki tunakitilia mkazo, na tunasikitika kwamba hapa kwetu hakisomwi kadiri kinavyostahili. Pepetela alikuwa mpiganaji wa MPLA, chama kilichopigania uhuru wa Angola, na alikiandika mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa katika mapambano yenyewe, huko msitu wa Mayombe, Cabinda. Kilichapishwa 1980. Kikosi ni kidogo, chakula kinachelewa, msitu unakula nguo na ngozi, na wapiganaji wanatazamana kwa macho ya kabila huku wakisema wanapigania taifa moja. Kamanda anaitwa Fearless, mwingine Theory, mwingine New World. Ni majina ya vita, na mengine yanakupa tabia ya mtu kabla hajafungua mdomo. Kila baada ya kurasa kadhaa mpiganaji mmoja anajitambulisha na kusimulia kwa nafsi yake, kwa hiyo ukipotea angalia nani ameshika usimulizi. Mtu wa Dar es Salaam, mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, atayatambua mabishano ya watu hawa mara moja.

Ukitaka kifupi kabla yake, kipo Carcase for Hounds cha Meja Mwangi, cha 1974, kuhusu wapiganaji wa Mau Mau msituni chini ya Jenerali Haraka. Ni chembamba kihalali, hakijafupishwa na mtu, na mbio zake hazikatiki. Kwa vita vya ukombozi vya Zimbabwe, Harvest of Thorns cha Shimmer Chinodya, cha 1989, kinafuata kijana kutoka shule hadi porini na kinakaa naye baada ya vita, kipindi ambacho waandishi wengi hukiruka.

Mwezi wa nne na wa tano viwe vya Half of a Yellow Sun na Afterlives, kwa mpangilio wowote. Cha kwanza, cha Chimamanda Ngozi Adichie, kilitoka 2006 na kinahusu vita vya Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, 1967 hadi 1970. Adichie alizaliwa 1977, vita vimekwisha miaka saba, na bado riwaya yake ni ya kuaminika kwa sababu alifanya kazi ya kuuliza na kusoma. Mwishoni ameorodhesha vitabu alivyovitegemea. Hicho nacho ni kipimo kizuri dukani: fungua kurasa za nyuma uone kama mwandishi anasema alikopata mambo yake. Vita hapa vinaonekana kutoka jikoni, kwenye foleni ya chakula cha msaada na kwenye nywele za watoto zinazobadilika rangi kwa utapiamlo. Hadithi inaruka kati ya mwanzo na mwisho wa miaka ya 1960, soma vichwa vya sehemu ili usipotee. Tunakutahadharisha kwamba mna tukio la ubakaji, na halikuwekwa kwa ajili ya kusisimua.

Afterlives, cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel 2021, kinawafuata vijana wa pwani walioingia jeshi la Mjerumani. Tukueleze mapema ili usije ukalalamika: vita ni sehemu ya kitabu, kinachobaki ni maisha ya waliorudi na ya wasiorudi. Lakini sehemu hiyo ya vita ni dawa ya ile picha ya askari wa Mjerumani kama jiwe lisilo na hisia. Utaona jinsi kijana anavyofundishwa kuwaogopa maafisa kuliko adui, na jinsi sare inavyompa ukubwa mbele ya watu wake. Ukimaliza, An Ice-Cream War cha William Boyd, cha 1982, kina mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambapo jeshi la Mwingereza la watu kama 8,000 lilishindwa na la Mjerumani la watu kama 1,000, huku nyuki wakiwauma wa pande zote mbili. Nyuki hao si ubunifu wa Boyd, wamo katika historia. Udhaifu wake ni kwamba Waafrika wako pembeni sana, kwa hiyo kisome baada ya Gurnah, usikitangulize.

Mwezi wa sita, The Sorrow of War cha Bao Ninh, upande wa pili wa vita vile vya O'Brien. Bao Ninh alikwenda vitani 1969 na kikosi cha vijana 500, na alikuwa mmoja wa kumi waliobaki. Mhusika wake, Kien, anaanza kwa kazi ya kukusanya mabaki ya wenzake msituni baada ya vita. Wengi hukiacha kitabu hiki njiani kwa sababu muda unaruka bila taarifa: leo, miaka ya vita, utotoni, leo tena. Usipange tarehe kichwani. Jiulize tu, katika aya hii Phuong, msichana wake, yuko naye au hayupo, na utajua uko wapi.

Baada ya hapo misuli yako itakuwa tayari kwa Matterhorn cha Karl Marlantes, aliyekuwa luteni wa Marine huko Vietnam na aliyekifanyia kazi zaidi ya miaka 30 hadi kilipotoka 2010. Ni kinene, lakini mwandishi amekuwekea mpangilio wa vyeo na faharasa ya maneno ya kijeshi. Weka alama hapo tangu siku ya kwanza. Ruba, miguu inayooza kwa unyevu, siku bila chakula na amri kutoka kwa wakubwa wasioona ukungu wa mlimani, yote yamo. Kikubwa zaidi ni Life and Fate cha Vasily Grossman, kuhusu mapigano ya mji wa Stalingrad katika Vita vya Pili vya Dunia. Grossman alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la jeshi la Kisovyeti, na 1961 KGB, idara ya usalama ya Kisovyeti, walimnyang'anya mswada, ukachapishwa Uswisi 1980 yeye akiwa ameshafariki. Hicho kingojee hadi uwe na likizo. Kwenye siti ya daladala, majina yake ya Kirusi yatakushinda.

Kuhusu Kiswahili, tuseme ukweli kwamba vita vyetu vimekaa zaidi katika utenzi na tamthilia kuliko katika riwaya. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy unasimulia pwani ilivyompinga Mjerumani, na ulitungwa na mtu wa zama zilezile. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969, ni tamthilia ya Maji Maji, na swali lake la nini kinatokea imani inapokutana na bunduki halijazeeka. Kwa riwaya, ulizia Kaburi Bila Msalaba cha P. M. Kareithi, cha Mau Mau, ambacho sasa ni cha kutafuta maktaba. Kipo pia Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota 2022. Kinaishia vita vikiwa mlangoni, hivyo kinakuandaa vizuri kwa Afterlives. Na kama unataka Vita vya Kagera, kasome War in Uganda cha Tony Avirgan na Martha Honey. Si riwaya, ni kazi ya waandishi wa habari walioandamana na jeshi letu. Ukikisoma utapata rula ya kupimia riwaya yoyote itakayodai kusimulia mwendo wa kutoka Kagera hadi kuanguka kwa Kampala, Aprili 1979.

Hela yako ya mwezi itunze hivi. Kwanza nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, uulize kitabu, usome kurasa 30 hapohapo. Ukiona unataka kuendelea, ndipo utafute cha kwako; kwa waandishi wa Afrika jaribu TPH Bookshop, Barabara ya Samora, kabla hujaenda kwa wa mitumba. Vitabu vya zamani vilivyotoka kwenye hakimiliki, kama The Red Badge of Courage cha Stephen Crane na War and Peace cha Tolstoy, vipo bure na kihalali katika tovuti ya Project Gutenberg, na simu janja yoyote itavifungua. Pdf zinazozungushwa kwa WhatsApp tunakusihi uziache. Mwandishi hapati kitu, na wewe unapata kurasa zilizopigwa picha upande, ramani hazipo na maneno yamechanganyika.

Ukinunua cha mitumba, usikiangalie jalada tu. Vitabu vilivyoshonwa hufungwa kwa mikunjo ya kurasa 16 au 32, na mkunjo mmoja ukichomoka unapoteza kurasa zote hizo kwa pamoja; vya gundi tupu hupoteza hata karatasi mojamoja, kwa hiyo pitisha kidole gumba ukifuatilia namba za kurasa, ukiona mruko umeugundua. Kifungue katikati taratibu. Gundi ikilia kama kijiti kikavu, kitaachia kurasa ndani ya wiki moja ya kusomwa kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika bomba la daladala. Kinuse. Harufu ya ukungu kwa unyevu wa mji huu haitoki, na itahamia kwenye vitabu vyako vingine. Hakikisha si juzuu la pili la kazi yenye majuzuu mawili. Mwisho fungua ukurasa wa nyuma kabisa uone kama sentensi imefika kwenye nukta, maana karatasi ya mwisho ndiyo huwa ya kwanza kung'oka.